Baba hakulisikia kaa la moto, lakini usiku miguu inamwaka

Shikamoo Daktari,

Naandika kutoka Tanga. Mimi ni mtoto wa pili kati ya wanne, na ndiye niliyebaki nyumbani na wazee. Baba ana miaka 63, ni fundi seremala, na kisukari anacho huu mwaka wa 14. Anameza metformini asubuhi na jioni.

Siku tisa zilizopita, baada ya swala ya alasiri, alikuwa amekaa barazani anachemsha kahawa kwenye jiko la mkaa. Mimi nilikuwa ndani nakuna nazi. Nikasikia harufu, nikadhani unyoya wa kuku umeangukia motoni. Nilipotoka nilikuta kaa limelala juu ya mguu wake wa kushoto, karibu na kidole gumba, ngozi inafuka moshi, na yeye anaendelea kumsimulia jirani habari za mbao za mninga. Nilipiga ukelele. Hapo ndipo alipotazama chini. Daktari, baba hakushtushwa na moto, alishtushwa na ukelele wangu.

Kama ingekuwa hilo tu nisingekuandikia, maana nimeshasikia kwamba kisukari huleta ganzi. Kinachonichanganya ni kwamba baba huyohuyo, tangu Ramadhani iliyopita, halali usiku kwa kuwa miguu inamwaka moto. Anasema ni kama amesimamishwa kwenye mchanga wa saa saba mchana. Mara sindano, mara siafu wanampanda. Shuka ikimgusa vidole anaitupa. Ananiomba beseni la maji baridi, anatumbukiza miguu mpaka alfajiri. Nami nikiigusa, ni ya baridi kuliko mikono yangu.

Mjomba anasema anadeka, kwamba mguu uliokufa hauwezi kuuma, achague moja. Mama anaamini kuna mtu kamtupia kitu na anataka tumpeleke kwa mtaalamu. Hospitali moja tuliyokwenda miezi miwili nyuma walimpa panadoli wakasema ni kisukari, basi. Siku hizi baba anaona haya. Usiku anauma ncha ya kikoi ili tusimsikie anavyougua.

Macho nayo yamemchoka, akishapiga randa ubao ananiita mimi niupapase nimwambie kama umelainika.

Naomba unisaidie. Mguu mmoja unawezaje kutousikia moto uliopo, na ukausikia moto usiokuwepo? Je, baba anajidhania tu? Na mama anataka nimkande kwa maji ya moto yenye chumvi. Nimkande?

Binti wa Fundi, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukesha.

Nianze na kidonda. Kaa lilimwangukia siku tisa zilizopita, na katika barua nzima hukuniambia ni nani amekiona kidonda hicho. Kama hakijaonwa na daktari, acha kusoma hapa, mchukue baba mwende, utaendelea mkiwa kwenye foleni. Msikipake dawa ya meno, wala unga wa kahawa, wala majivu. Kama kuna lengelenge msilitumbue. Asiukanyagie mguu ule zaidi ya lazima. Ukiona wekundu unapanda, usaha, harufu, uvimbe, homa, au sukari imeruka ghafla bila sababu, hapo hakuna kusubiri kliniki ya Jumatatu, ni kwenda usiku uleule. Wala usitulie akikuambia "hakiumi". Hakimuumi kwa sababu ileile iliyomfanya asilisikie kaa.

Maji ya moto yenye chumvi, hapana. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa swali lako. Baba yako hadeki wala hajidhanii. Yote mawili anayokuambia ni kweli, ganzi ni kweli na moto ni kweli, na ukishaelewa jinsi mwili unavyopeleka habari kichwani utaona kwamba ugonjwa mmoja unaweza kabisa kuzaa vyote viwili. Nivumilie nieleze kwa urefu, kwa sababu nataka uweze kumweleza mjomba bila kugombana naye.

Sisi tunasema nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia harufu, nasikia maumivu. Neno lile tunalolitumia kwa sikio tunalitumia kwa mwili mzima. Mimi niliyesomea mwili wa binadamu naona lugha yetu imeukaribia ukweli sana. Ubongo kweli husikia. Umefungiwa ndani ya fuvu, gizani, haujawahi kuguswa na moto wala kulowa mvua. Kinachoufikia ni mapigo tu. Ni kama mzee aliyelala chumbani usiku, anazijua habari za kijiji kwa ngoma zinazolia mbali. Mbiu ya mgambo ikilia anajua kuna jambo. Aliyeipiga hamwoni.

Ngoma zenyewe zinaanzia kwenye ngozi. Chini ya ngozi ya unyayo wa baba kuna ncha za mishipa ya fahamu, na kila aina ina kazi yake. Zipo ncha tupu, zisizovikwa chochote, zinazoshughulika na joto, baridi na maumivu. Juu ya ncha za joto kali kuna vilango vidogo vya protini. Ngozi ikifika nyuzi joto 43 hivi, vilango hivyo hufunguka, chumvichumvi zenye chaji ya umeme, sodiamu na kalsiamu, huingia ndani ya ncha, na umeme mdogo huzaliwa hapo. Zipo nyingine zinazohusika na mguso, na hizo zina vilango vinavyofunguka ngozi inapobonyezwa au kuvutwa. Zilizo ndani zaidi zimefungwa kwenye vifuko vyenye tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu, na hizo hupokea mtetemo. Mtetemo ukikoma nazo hunyamaza. Ncha za mguso nyingi ni wasahaulifu hivyo: ukijifunga kanga asubuhi unaisikia kiunoni kwa muda mfupi tu, kisha huisikii tena mpaka ilegee. Ncha za maumivu hazisahau upesi, na ni vizuri, kwani mwiba uliosahaulika ungebaki mguuni.

Waliovigundua vilango hivi wako hai. David Julius wa San Francisco alikitambua kilango cha joto mwaka 1997, na alikipata kwa kutumia pilipili. Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, na wenzake walivipata vya mguso kwa kuchokoa seli kwa kijiti chembamba cha kioo, huku wakizima jeni mojamoja mpaka wakaipata ile ambayo ikizimwa seli haitoi tena umeme. Mwaka 2021 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Habari ya pilipili aizingatie mjomba. Muombe atafune pilipili kichaa moja, kisha muulize kama mdomo hauwaki. Utawaka, na atatafuta maji. Ukimpima ulimi kwa kipimajoto, hakuna moto wowote mle wa kuunguza. Kilichotokea ni kwamba kemikali ya pilipili, kapsaisini, inaingia kwenye kilango kilekile cha nyuzi 43 na kukifungua. Ngoma ya moto inalia, na ubongo hauna njia ya kujua kwamba aliyeipiga ni pilipili wala si kaa. (Kuku wako wa kienyeji hula pilipili bila kutikisika. Kilango chake cha joto anacho, ila umbo lake ni tofauti kidogo na kapsaisini haikishiki.) Dawa za kuchua zenye mentoli nazo hufanya hivyohivyo upande wa pili, zinafungua kilango cha baridi, ukasikia ubaridi kwenye ngozi ambayo haijapoa.

Tuje kwenye ngoma yenyewe inavyopigwa, maana hapa ndipo lilipo jibu lako. Umeme wa kwenye ncha ukitosha, waya wa fahamu hupiga pigo moja la muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde, likasafiri kuelekea uti wa mgongo. Pigo hilo halina dogo wala kubwa. Mwaka 1926 kule Cambridge, Edgar Adrian na mwenzake Yngve Zotterman wa Uswidi walifanikiwa kunasa mapigo ya waya mmoja tu wa fahamu kutoka kwenye msuli wa chura. Waliuvuta msuli kwa uzito mdogo, kisha mkubwa. Mapigo hayakukua hata kidogo. Yaliongezeka kasi. Adrian alipata Nobel mwaka 1932 pamoja na Charles Sherrington, na mpaka leo hatujapata sababu ya kulibomoa lile alilolisema: ngoma ya fahamu haipigwi kwa nguvu zaidi, hupigwa upesi zaidi, na kikiwa kitu kikubwa hupigwa nyingi kwa pamoja.

Kwa hiyo ubongo unasoma mambo matatu. Ngoma ipi inalia, inalia kwa kasi gani, na ngapi zinalia pamoja. Hakuna pigo lenye umbo la moto na jingine lenye umbo la unyoya. Pigo la waya wa moto ukilipima kwa mashine linafanana na la waya wa mguso. Tofauti ni ngoma ya wapi. Umewahi kugonga kiwiko kwenye ukingo wa meza ukasikia umeme mpaka kidole cha mwisho? Kidole hakikuguswa na chochote. Uligonga waya njiani, ulipopita kwenye mfupa, na ubongo ukasema kidole, kwa sababu waya ule siku zote umekuwa wa kidole. Ukibonyeza jicho gizani utaona duara la mwanga, wala hakuna taa. Popote waya unapopigwa, na yeyote aupigaye, habari inayofika ni ileile waliyozoeana.

Sasa mguu wa baba.

Waya unaotoka kidole gumba cha mguu ni seli moja. Moja tu, mwanangu. Kiini chake kimekaa kando ya uti wa mgongo, usawa wa kiuno, na mkia wake unateremka paja, goti, muundi, mpaka kwenye kidole, takriban mita nzima. Karibu kila kinachotengenezwa kwa ajili ya ncha ile hutengenezwa kiunoni na kusafirishwa ndani ya uzi huo mwembamba usioonekana kwa macho, na hata mizigo inayokwenda haraka kabisa huenda kama milimita 400 kwa siku. Ni siku mbili na nusu kufika kidoleni kila kitu kikiwa sawa. Sukari ikiwa juu kwa miaka, vimishipa vya damu vinavyoulisha waya vinaharibika, na mitambo ya nishati ndani ya waya wenyewe inachoka. Waya ulio mrefu kuliko wote ndio unaokosa kwanza. Ndiyo maana ganzi ya kisukari haianzii tumboni wala usoni. Inaanza kwenye vidole vya miguu, inapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi.

Nyaya nyingi za mguu wa baba, za mguso na za joto, ncha zao zimekufa. Kaa lilipoanguka hakukuwa na ngoma ya kupigwa, au zilipigwa chache mno. Ubongo wake haukupuuza chochote. Haukuletewa habari.

Lakini waya haufi wote kwa siku moja. Ncha inakufa, mwili wa waya unabaki hai, umejeruhiwa. Na waya uliojeruhiwa una tabia mbaya: vilango vya sodiamu hujilundika pale palipoumia, ukawa mwepesi kupita kiasi, ukaanza kupiga wenyewe. Hakuna kaa, hakuna mchanga wa saa saba, waya tu unalia. Na kwa kuwa waya ule tangu baba azaliwe ulikuwa wa moto wa unyayo, mzee aliyelala chumbani anasikia ngoma ile na kusema kama alivyosema siku zote: unyayo unaungua. Miguu uliyoigusa ukaikuta baridi ilikuwa kweli baridi, na kuungua anakokusikia ni kuungua kwelikweli, kwa sababu maumivu huzaliwa pale habari inapopokewa. Mwambie mjomba kwamba hivyo viwili havigombani. Ncha zilizokufa zinamnyima habari za kweli, na nyaya zilizojeruhiwa zinamletea habari za uongo, kwenye mguu mmoja.

Kwa nini usiku? Lipo jambo ulilifanya tangu utotoni bila kufundishwa. Ukijigonga unapasugua. Nyaya za mguso ni nene na zina mwendo, mita 35 hadi 75 kwa sekunde, wakati nyaya za maumivu ya kuchoma ni nyembamba na hazizidi mita 2. Ndiyo maana ukijikwaa kwenye kinu unajua kwanza kwamba umejikwaa, na yale maumivu mazito ya kuungulika yanafuata baadaye. Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 kwamba ndani ya uti wa mgongo habari za mguso huziwekea kizuizi habari za maumivu. Mambo mengi ya nadharia yao yamerekebishwa, ila hilo limebaki. Mchana baba anatembea, anasimama, anapiga randa, nyaya chache za mguso zilizobaki zinafanya kazi yake ya kuzuia, na akili nayo ina mengine ya kusikiliza. Usiku kila kitu kimetulia na ngoma mbovu inalia peke yake. Juu ya hapo, uti wa mgongo uliopigiwa kelele miezi mingi unakuwa mwepesi wa kushtuka, hata mguso wa shuka unapokelewa kama jeraha. Baba anapoitupa shuka haleti maringo. Inamuuma kweli.

Mwanangu, kuna sentensi moja uliiandika kwa kupita tu, na ndiyo iliyonishtua kuliko habari ya kaa. Umesema akishapiga randa anakuita upapase ubao, kwa kuwa macho yamemchoka. Fundi seremala wa umri wake hajawahi kupima ulaini wa ubao kwa macho. Anapitisha kiganja. Mikwaruzo midogo sana haisikiki kidole kikiwa kimetulia. Lazima kisogee, kwa maana ni mwendo unaozaa mtetemo, mamia ya mitikisiko kwa sekunde, na vile vifuko vya kitunguu nilivyokueleza ndivyo vinavyoupokea. Jaribu mwenyewe: weka kidole juu ya msasa mwembamba bila kukisogeza, halafu kisogeze. Fundi aliyefanya kazi hiyo miaka yote ana mikono inayosoma mbao, na akianza kumwita binti yake amsomee, nahofia vidole navyo vimeanza. Inaendana na mpangilio wa ugonjwa. Ganzi ikikaribia magotini, urefu wa nyaya zilizoharibika mguuni unafanana na wa zile za mkononi, na ndipo vidole vya mikono huanza, kama glavu baada ya soksi. Macho yapimwe pia, kisukari hakiyaachi, lakini daktari amwangalie mikono. Yeye hatasema. Fundi akikiri kwamba mikono haisikii amekiri jambo zito, kwa hiyo mtangulie wewe kulisema, kwa upole, na si mbele ya mjomba.

Hapo ndipo kukanda kunapokuwa hatari. Atatumbukiza miguu isiyojua moto ndani ya maji ya moto, baada ya kuyapima kwa mikono ambayo huenda nayo haijui tena. Nimeona miguu iliyochubuka yote kwa beseni moja la maji ya chumvi lililotayarishwa kwa mapenzi. Maji yake ya kuoga yapime wewe au mama, kwa kiwiko. Beseni la baridi nalo liondoeni. Kulowesha miguu mpaka alfajiri kunalainisha ngozi ikapasuka, kidonda kitaingia maji, na mkitia barafu itaunguza kama moto bila yeye kujua. Akihitaji ubaridi, afunikwe kitambaa kibichi kilichokamuliwa, juu ya muundi, mbali na kidonda, dakika chache.

Kliniki waombe wampime miguu kwa vifaa. Ni vitu rahisi. Kuna uzi mgumu wa nailoni unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10, anagusishwa sehemu kadhaa za unyayo akiwa amefumba macho, aseme anaposikia. Kuna chuma chenye umbo la uma, kinatetema mara 128 kwa sekunde, kinawekwa kwenye mfupa wa kidole gumba. Wapime pia mapigo ya damu ya mguuni. Na usiache kutaja metformini: ikitumiwa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12 mwilini, na upungufu huo peke yake huharibu nyaya hizihizi, ila wenyewe unatibika. Kama aliwahi kutibiwa kifua kikuu aseme, maana isoniazidi, mojawapo ya dawa zake, nayo inaweza kudhuru nyaya hizi. Pombe vilevile.

Panadoli haikumsaidia kwa sababu haiwezi kuunyamazisha waya unaojipigia. Diklofenaki msimnunulie duka la dawa, haitafanya kazi kubwa hapa na figo za mwenye kisukari haziitaki. Zipo dawa zinazotuliza mapigo yenyewe: amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku, gabapentini, pregabalini, duloksetini. Daktari atachagua, na mzee wa miaka 63 lazima aulizwe kuhusu moyo, haja ndogo, na figo, kwani kila moja ina lake. Zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi na mara nyingi zinapunguza moto bila kuumaliza. Msikate tamaa siku ya nne. Sukari ishushwe na daktari kwa mpango. Asijiongezee vidonge kwa hasira, maana kushusha kwa pupa sukari iliyokuwa juu muda mrefu kunaweza kuyaongeza maumivu kwa kipindi.

Yaliyobaki ni kumpa mguu macho, kwa kuwa masikio yake hayapo. Daktari Paul Brand, aliyewatibu wenye ukoma kule Vellore, India, aliwaonyesha wenzake kwamba vidole vya wagonjwa wale havikuoza vyenyewe kama watu walivyodhani. Viliumizwa kila siku na vitu ambavyo mtu mwenye kusikia maumivu angeviepuka. Mguu wa baba uko kwenye hali hiyohiyo. Asitembee peku hata ndani ya nyumba. Kandambili hazimfai, msumari wa karakana unazipenya na yeye ataendelea na kazi. Viatu vya kufunika, vipana, na kabla hajavivaa utie mkono ndani upapase: msumari, kokoto, mshono uliokunjamana. Msikitini avae soksi safi nyeupe, damu ikitoka ionekane, na uani mwa msikiti asikanyage sakafu ya jua la Ijumaa mchana. Wudhu ni nafasi nzuri. Mara tano kwa siku miguu inaoshwa, basi mara moja kati ya hizo iangaliwe na mtu mwingine kwa tochi, unyayo na kati ya vidole, na kati ya vidole pafutwe pakauke. Magaga apakwe mafuta, lakini mafuta yasiingie kati ya vidole. Sugu asizikate kwa wembe, wala kwa patasi yake, nawajua mafundi.

Na panya. Tunasema panya huuma na kupuliza ndiyo maana aliyelala haamki. Kwa mguu wenye ganzi hahitaji hata kupuliza. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku bila kujua. Aoshe miguu kabla ya kulala, avae soksi kama anaweza kuzivumilia, chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro pande zote. Na kwa kuwa shuka inamuuma, muwekee kiboksi au kifremu cha mbao upande wa miguuni, shuka ipite juu yake isimguse. Kifremu hicho akitengeneze mwenyewe, atafurahi.

Kwa mama sina ugomvi. Dua aombewe, mgonjwa anahitaji dua. Ninachomwomba ni kwamba kidonda kisichanjwe, kisipakwe wala kufukizwa chochote, na mguu usikaribishwe moto wa aina yoyote. Msomee sehemu ya pilipili. Mama amepika miaka yote, ataielewa kabla ya mjomba.

Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, mwambie baba kwamba ukweli wa miguu yake umeujua na hana haja ya kuuma kikoi. Kisha mkitoka kliniki niandikie mambo mawili: uzi wa nailoni aliusikia sehemu ngapi, na walisema nini kuhusu mikono.